Somo: Kuotesha pilipili kali ndani ya nyumba, toka mbegu mpaka mche unatoka nje

Wakuu habari zenu. Maswali ya pilipili yanajirudia kila siku, mtu kapanda mbegu 20 zimeota 2, mwingine zimeota zote vizuri alafu asubuhi kakuta zimelala chini kama zimekatwa na wembe, sasa nimeona niandike yote sehemu moja. Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka asome hatua ya 2 na ya 4, maana hapo ndo miche mingi inafia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipanda habanero kwenye trei, nikakaa siku 19 naangalia udongo mtupu. Nikajua tu nimeuziwa mbegu mbovu, nikatukana weee, nikaumwaga wote kwenye lundo la mboji. Baada ya wiki mbili nageuza lile lundo nakuta miche saba imesimama, shingo imenyooka, kijani kimekolea. Mbegu zilikua nzima jamani! Mboji ikiwa inaoza ndani kunakua na fukuto, na hilo fukuto ndo kitu walichokua wanakililia muda wote nawamwagia maji. Toka siku hiyo najua pilipili inaoteshwa na joto, maji ni ya kulowanisha tu.

Hatua ya 1: Ijue mbegu yako

Pilipili zote asili yake ni bara la Amerika, na zinazolimwa ni spishi tano, ila kwa kuotesha wewe kumbuka makundi mawili tu. Kuna zenye haraka, hizi ni za kundi la annuum kama jalapeño, cayenne na hata hoho, zikipata joto zinatokeza siku ya 7 mpaka 14. Alafu kuna wazito, kundi la chinense, humo ndo kuna habanero na pilipili mbuzi na zile kali za kutisha kama Carolina Reaper, hawa wiki 2 mpaka 4 ni kawaida na wapo wanaofika ya 6. Pilipili kichaa nayo huwa inajivuta. Kwahiyo usipande jalapeño na habanero kwenye trei moja chini ya kifuniko kimoja, mmoja atakua anataka kufunuliwa na mwenzake bado kalala.

Kama unatoa mbegu kwenye tunda, chukua lililoiva kabisa mpaka likabadili rangi. Tunda bichi mbegu zake nyingi hazijakomaa. Zitandaze kivulini zikauke wiki nzima, usianike kwenye bati linalochoma wala usiweke kwenye oveni, utaua kiini cha mbegu. Na vaa glavu! Watu wanadhani ukali uko kwenye mbegu, hapana, uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, mbegu zinapakwa tu kwa kugusana nao. Mimi nilipasua pilipili mbuzi 15 mikono mitupu, usiku vidole vinawaka nikawa nalala mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Maji peke yake hayasaidii kwasababu ile kemikali haiyeyuki kwenye maji, jipake mafuta ya kupikia kwanza usugue, alafu ndo sabuni.

Hatua ya 2: Joto

Udongo uwe nyuzi 25 mpaka 30. Nimesema udongo, sio chumba. Udongo uliolowa huwa una ubaridi kuliko hewa, chumba kinaweza kusoma 24 na kwenye trei ni 20, chukua kipimajoto ukichomeke humo humo kwenye udongo usome. Chini ya nyuzi 15 mbegu inakaa tu inanyonya maji mpaka inaoza. Ikipita 35 nayo unaanza kuichemsha.

Sehemu za bure za joto ziko nyingi: juu ya friji kwa nyuma, pembeni ya ruta ya intaneti, kwenye kabati lenye tangi la maji ya moto. Ukiwa na mkeka wa umeme wa kuoteshea ni bora zaidi ila uwe na kidhibiti joto, usiuamini hivi hivi. Taa kwa kipindi hiki haina kazi, mbegu ya pilipili inaota gizani bila shida, kwahiyo usihangaike na dirisha. Dirishani usiku ndo kwenye baridi kuliko kote.

Hatua ya 3: Udongo na kupanda

Usichote udongo wa shambani. Ni mzito, ukilowa unashikana, na unakuja na vimelea vyake. Tumia kokopiti (yale makumbi ya nazi yaliyosagwa), au mboji iliyooza sawasawa ukaichekecha, changanya na perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za mwamba) au mchanga mnene kidogo ipitishe hewa. Mbolea bado, mbegu ina chakula chake cha kuanzia.

Lowanisha kabla ya kupanda, sio baada. Kipimo changu ni ngumi: chota, kamua, likitoka tone moja au mawili hapo sawa, yakitiririka ongeza mkavu. Vikombe vya yogati vinafaa kabisa ilimradi umetoboa matundu chini. Mbegu iende nusu sentimita, fukia, gandamiza taratibu kwa kidole ili udongo uikumbatie, alafu funika na plastiki unyevu usikimbie. Kuloweka mbegu maji ya uvuguvugu usiku mmoja kunasaidia kidogo hasa zile za zamani, ila sio muujiza.

Na andika jina. Kila kikombe. Utasema nitakumbuka, hutakumbuka, miche ya pilipili ikiwa midogo inafanana kama mapacha.

Hatua ya 4: Zikichomoza tu, badilisha kila kitu

Hapa ndo panapoua. Siku unayoona shingo ya kwanza imejikunja kama ndoano inatoka kwenye udongo, siku hiyo hiyo plastiki itoke, joto la chini lipungue, taa iwake. Sio kesho. Mche ukikaa gizani kwenye joto hata siku mbili tu unarefuka kama uzi unatafuta mwanga, na ukisharefuka haurudi.

Taa masaa 14 mpaka 16 kwa siku, usiku zima nayo ipumzike. Za mirija ziweke karibu, sentimita 5 mpaka 10 juu ya majani. LED inategemea nguvu yake, anza sentimita 30 hivi alafu uangalie mche wenyewe unasemaje: ukirefuka shusha taa, majani yakijikunja kwenda juu au kupauka pandisha. Kama huna taa tumia dirisha lenye jua kuliko yote na uwe unageuza trei kila siku, ila kusema ukweli dirisha peke yake mara nyingi linatoa miche dhaifu.

Maji sasa. Kile kifo cha kulala chini asubuhi kinaitwa kinyausi, ni vimelea vya kwenye udongo vinakula shina pale linapogusana na udongo, unakuta kiuno kimekua chembamba na cha kahawia kama uzi uliochemshwa. Ukishakiona kwenye mche hakuna dawa, utoe huo na udongo wake uokoe wenzake. Kinga ni kumwagilia kwa chini, yaani unaweka kikombe kwenye sahani yenye maji dakika 15 unatoa, juu pabaki pakavu, na hewa izunguke. Mimi naweka feni ndogo inayotikisa majani kwa mbali, na shina linakomaa kwa kutikiswa huko.

Kuna wengine wanatoka wamevaa gamba la mbegu kichwani. Usivute! Dondoshea tone la maji, subiri lilainike nusu saa, rudia tena, litateleza lenyewe au utalisukuma na kijiti cha meno. Nimeshakata vichwa vya miche mitatu kwa haraka zangu, nasema kwa uzoefu.

Hatua ya 5: Kuhamisha

Yale majani mawili ya mwanzo hayahesabiki. Subiri majani ya kweli manne, ndo unahamishia kwenye kopo la sentimita 8 mpaka 10. Shika mche kwa jani, shina usiliguse, jani likichanika litaota lingine ila shina ni moja. Hapa ndo unaanza mbolea ya maji, robo au nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki inatosha. Nitrojeni nyingi itakupa kichaka kizuri cha picha kisichozaa.

Hatua ya 6: Kuzoesha nje

Mche wa ndani haujawahi kuona jua la kweli wala upepo. Siku ya kwanza saa moja kivulini, kesho yake mawili, unaongeza pole pole na kajua ka asubuhi, siku 7 mpaka 10 umemaliza. Ukiruka hii majani yanaungua yanakua meupe kama karatasi. Na usiuhamishie nje moja kwa moja kama usiku bado kunashuka chini ya nyuzi 13.

Ni hayo. Karibuni maswali.

Swali: Mkuu asante kwa somo, leo siku ya 12 habanero zangu kimya, nifukue moja niangalie?

Jibu: Usifukue kaka! Ukifukua unakata kamzizi kenyewe ulichokua unakitafuta. Habanero siku ya 12 bado ni mapema, pima joto la udongo kwanza. Kama ni 22 basi hilo ndo jibu lako.

Swali: Mimi taa za kununua maalumu sina, hii ya kawaida ya LED ya sebuleni haifai?

Jibu: Inafaa kwa miche, chukua nyeupe ile ya kama mchana, imeandikwa 6500K, isogeze karibu. Zile za zamani za waya unaowaka zinatoa joto kuliko mwanga, achana nazo. Mpaka kuzaa matunda ndani ndo utahitaji kitu cha nguvu zaidi.

Swali: Samahani mwalimu, hapo kwenye udongo napingana na wewe, mimi miaka yote nachota wa bustanini na zinaota fresh tu.

Jibu: Sikatai mkuu, kama udongo wako ni tifutifu na una mkono mwepesi wa maji zitaota. Mimi namwandikia anayeanza, ambaye maji atazidisha tu hata ukimwambia nini. Huyo ukimpa udongo kama wako akazidisha maji, kinyausi kinaingia siku ya pili.

Swali: Kuna vijinzi vyeusi vidogo vinaruka kila nikigusa trei, vina madhara?

Jibu: Wale wakubwa ni kero tu, shida ni mabuu yao yaliyo kwenye udongo yanatafuna mizizi midogo. Wanapenda udongo uliolowa juu muda wote. Acha sentimita 2 za juu zikauke kabisa kabla hujamwagilia tena, na tundika kadi za njano zenye gundi. Ukifanya vyote viwili kwa wiki tatu mfululizo utakua umekata kizazi.

Swali: Dada wa pilipili hapa, yangu ipo ndani ina mwezi inachanua maua yanadondoka yote, sijaona hata tunda moja.

Jibu: Dada pole, ndani hakuna upepo wala nyuki. Ua la pilipili linajichavusha lenyewe ila linataka kutikiswa, gonga shina kwa kidole kila siku mchana au pitisha brashi laini ua kwa ua. Angalia na joto pia, likipita 32 mchana au usiku likishuka sana maua yanaanguka hata ukiyatikisa.

Swali: Nikiweka hoho karibu na pilipili mbuzi hoho itakua kali?

Jibu: Tunda la hoho utakalochuma halitakua kali, ukali wa tunda unatokana na mti uliolizaa. Ila mbegu zilizo ndani yake zinaweza kua chotara, ukizipanda msimu ujao usishangae. Ndo maana mbegu za kutunza nafunga ua na kamfuko ka kitambaa chepesi kabla halijafunguka, linajichavusha humo humo, tunda likishika natoa mfuko nafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo nijue ni lipi.

Swali: Nimesikia eti ukate kichwa mche utoe matawi mengi, ni kweli?

Jibu: Kwa zile fupi za annuum inasaidia, kata juu ya jani la 6 hivi mche ukiwa na afya, ila utachelewa kuvuna wiki kadhaa. Habanero usikate, zinagawanyika zenyewe.

Swali: Na mti ukimaliza kuzaa nang'oa?

Jibu: Ung'oe wa nini! Pilipili ni ya miaka mingi, baridi ndo inaiua. Kata matawi ubakize kisiki chenye matawi mafupi mawili matatu, uweke ndani, maji kidogo sana. Ninao mmoja wa mwaka wa nne saivi, shina limekua gumu kama mpini wa jembe, na kila msimu unazaa kabla miche mipya haijatoa hata ua.