Vituko vya Sabuni ya Kutengeneza Nyumbani, na Namna ya Kuvikwepa

Sabuni ya kipande hupatikana mafuta yanapochanganywa na kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji. Mafuta na kostiki hubadilishana hadi vikageuka kuwa sabuni na gliserini, na vipimo vikiwa sahihi hakuna kostiki inayosalia kwenye kipande kilichokomaa. Njia ninayoieleza hapa haihitaji kupika baada ya kuchanganya, na ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Sabuni ina vituko vyake, na vingi nilivyokutana navyo havitokani na mafuta wala kostiki, bali na vitu tunavyoviongeza ili ipendeze: rangi, manukato, asali na maua. Kwa hiyo nasisitiza kwamba mche wa kwanza uwe mtupu, usio na rangi wala harufu, ili mtengenezaji aijue tabia ya sabuni yenyewe kabla ya kuipamba.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni mizani inayosoma gramu moja moja. Kikombe na kijiko havifai, kwa sababu kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki, na kiasi hicho hukokotolewa kwa uzito. Gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183 za kostiki, ya mawese 0.141 na ya zeituni 0.134. Tuchukue kilo moja ya mafuta yenye gramu 500 za zeituni, 300 za nazi na 200 za mawese: ukizidisha na kujumlisha utapata gramu 150 za kostiki. Kisha punguza asilimia 5, ubaki na gramu 142, ili mafuta kidogo yasigeuke sabuni na ngozi isikaushwe mno. Maji yawe gramu 285. Ukibadilisha mafuta hata ya aina moja, hesabu yote irudiwe upya. Maelekezo ya kubahatisha, yale ya “weka kiasi”, yafaa kwa mchuzi tu.

Kostiki humiminwa kwenye maji, wala maji hayamwagwi juu ya kostiki hata siku moja. Inapoyeyuka hutoa joto kali, na maji yaliyokuwa baridi yanaweza kupita nyuzi 80 za Selsiasi kwa muda mfupi. Maji yakimwagwa juu ya kostiki, joto hilo hukusanyika mahali pamoja na mchanganyiko ukaruka usoni. Vaa miwani ya kinga, glavu na nguo ya mikono mirefu, fanya kazi penye hewa inayopita, na watoto na wanyama wasiwepo karibu. Sufuria za alumini zikae mbali kabisa, kwa kuwa kostiki huzila na kutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayostahimili joto. Tone likidondoka kwenye ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, wala usikimbilie siki, maana siki ikikutana na kostiki huongeza joto juu ya jeraha. Likiingia jichoni, anza kuosha papo hapo, kisha nenda hospitali.

Mafuta na maji ya kostiki vikishapoa hadi kufikia nyuzi 40 hivi, mimina maji ya kostiki kwenye mafuta polepole. Blenda ya mkono hurahisisha kazi mno, kwani kwa mwiko unaweza kukoroga kwa saa nzima. Iwashe kidogo, izime, koroga nayo ikiwa imezimwa, kisha uiwashe tena. Rangi ya mafuta itafifia na kuwa ya maziwa, uso utapoteza mng’ao, na ukiinua blenda na kuacha mchirizi udondoke, mchirizi huo utabaki juu kwa muda kabla ya kuzama. Hapo ndipo pa kumimina kwenye kalibu. Angalia usidanganyike: mafuta yanayoganda upesi, kama mawese, yakipoa sana hufanya mchanganyiko uonekane mzito ilhali haujashikana, na baadaye mafuta hujitenga yakaelea juu.

Sasa vituko vyenyewe. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini huharakisha mno mchanganyiko, na wakati mwingine hugandia sufuriani hadi mwiko ukasimama wenyewe katikati. Marashi ya dukani yenye spiriti hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo yasitumike kabisa. Jambo hilo likitokea usitupe kitu: weka sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, acha donge lilainike na kuanza kupenyeza mwanga, kisha lishindilie kwenye kalibu. Sabuni itakuwa na uso wa mabonde na vilima, lakini itasafisha vizuri.

Rangi nazo zina mambo. Bitiruti huingia ikiwa nyekundu ya kuvutia, na kostiki huigeuza kahawia. Manjano, kile kiungo cha kupikia, kinyume chake huwa mekundu yakikutana na kostiki, kisha sabuni inapokomaa hutulia kwenye rangi ya dhahabu inayopendeza sana; asiyejua hilo huweza kuimwaga sabuni nzuri kwa hofu. Manukato yenye vanila hugeuza mche kahawia siku baada ya siku. Maua makavu ya lavenda yakichanganywa ndani hubadilika na kufanana na mavi ya panya, na hakuna mgeni atakayeipokea zawadi hiyo kwa furaha, ilhali petali za kalendula hubaki na umanjano wake.

Asali yahitaji heshima ya pekee, kwani sukari huongeza joto ndani ya kalibu. Ikizidi, mche huvimba katikati, hupasuka na hata kufurika mezani. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya mafuta chatosha, na kalibu isifunikwe blanketi. Duara jeusijeusi linaloonekana katikati ya mche uliokatwa ni alama tu kwamba kiini kilipata joto kuliko kingo, nalo halina madhara.

Mche wa mchanganyiko niliotaja hukatwa baada ya saa 24 hadi 48, ukiwa mgumu lakini bado unapokea kisu. Sabuni ya mafuta ya nazi matupu haisubiri, hukatwa siku hiyo hiyo, la sivyo humeguka vipandevipande. Vaa glavu wakati wa kukata. Unga mweupe ukijitokeza juu, ni kostiki iliyokutana na hewa ikawa magadi, na hufutika kwa kitambaa chenye unyevu.

Panga vipande kwa nafasi mahali pakavu penye hewa kwa wiki 4 hadi 6. Sabuni ya zeituni tupu huhitaji miezi mingi zaidi. Pima kipande kimoja kila wiki: maji yanapotoka uzito hupungua, na ukikoma kupungua sabuni imekauka. Kabla ya kuigawa, lowesha kidole, kipitishe juu ya sabuni, kisha ugusishe ncha ya ulimi. Ikichoma ghafla, kostiki bado ipo, basi irudishe ikae wiki chache na uijaribu tena. Ikiendelea kuchoma baada ya hapo, vipimo vilikosewa, na sabuni hiyo isiguse mwili wa mtu.