Tui lisikatike kwenye mchuzi wa ukwaju

Hili nimefundishwa na mwanafunzi wangu hapa Pangani, mimi ninayejiita mwalimu wa mapishi. Ukipika samaki kwa ukwaju au embe mbichi, chemsha uchachu wote kwenye tui la pili, lile jepesi, mpaka samaki aive. Kisha vuta kuni nje, yabaki makaa tu, ndipo umimine kasimile, yaani tui la kwanza, lile zito. Usifunike. Teka mchuzi kwa upawa na kuumimina tena, taratibu, bila kumvuruga samaki. Ukiona povu la kwanza pembeni, epua. Moto mkali na uchachu hugandisha protini inayoshikilia mafuta ya nazi, mafuta yakaelea peke yake, mabonge yakabaki chini. Kwa njia hii kasimile haikai motoni kiasi cha kufika huko. Nazi iliyoanza kuoza haiokoleki, hukatika hata ukiibembeleza. Koroma, yaani nazi iliyopita udafu lakini haijakomaa, nayo usihangaike nayo: mafuta yake machache, utapata mchuzi mwepesi tu. Mchuzi ukilala, kesho upashe kwa makaa yaleyale madogo.