Namna ya Kuanza Kusoma Hati za India: Shika Brahmi Kwanza

Wengi wanaotaka kuzijua hati za India huanza kwa kukariri Devanagari, hati inayoandikia Kihindi, kisha wakikutana na hati ya Kibengali, ya Kitamil na ya Kikannada huvunjika moyo, kwa kuwa kila moja huonekana kama somo jipya kabisa. Nashauri uanze na Brahmi, mama wa hizo zote, ambayo herufi zake ni sahili na ambayo mfalme Ashoka wa nasaba ya Maurya aliitumia katika karne ya 3 KK kuchongesha amri zake juu ya miamba na nguzo.

Kuna mambo mawili ya kuweka kando mapema ili yasikupotezee muda. Alama za mihuri ya bonde la Indus ni za kale zaidi, lakini hazijasomeka hadi leo. Kharoshthi nayo, hati nyingine ya kale ambayo Ashoka aliitumia huko Shahbazgarhi na Mansehra, katika Pakistan ya sasa, ilitokana na hati ya Kiaramu, huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na ilikufa bila kuacha uzao.

Hatua ya kwanza ni kuelewa silabi, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa, kwa sababu alifundishwa kusoma kwa mfululizo wa ka, ke, ki, ko, ku. Katika Brahmi kila konsonanti hubeba irabu a ndani yake. Herufi ya ka ni msalaba mtupu. Ukiongeza kistari kwenye kichwa chake upande wa kulia, a inakuwa ndefu. Ukikiweka upande wa kushoto, unasoma ke. Ukiviweka pande zote mbili, unasoma ko. Alama ya i hupinda kwenda juu upande wa kulia, na alama ya u hukaa mguuni. Aliyewahi kusoma hati za Kiarabu asizichukulie alama hizi kama fataha na kasira, ambazo mwandishi anaweza kuziacha: hapa zisipoandikwa, silabi inasomwa kwa a.

Kisha chukua karatasi na uchore herufi chache hadi mkono uzizoee. Ga ni pembe iliyo wazi chini, mfano wa paa la nyumba. Herufi ya na ni mstari uliosimama juu ya mstari uliolala. Ba ni mraba. Va ni duara lenye kijiti juu. Tha ni duara lenye nukta katikati. Nukta iliyo kando ya herufi huonyesha sauti ya puani mwishoni mwa silabi.

Sasa rudia njia aliyoipita James Prinsep, Mwingereza aliyeifumbua Brahmi, mwaka 1837, kwani sijaona zoezi linalofundisha vizuri zaidi. Aliona kwamba maandishi mafupi mengi yaliyochongwa kwenye uzio wa mawe wa stupa (kuba la ibada la Wabudha) ya Sanchi, India, yalimalizika kwa herufi mbili zilezile na nukta, akakisia kwamba yanataja sadaka za waumini, na kwamba neno hilo la mwisho ni dānaṃ, yaani zawadi. Alikuwa na msaada pia, kwa maana mwaka 1836 mtaalamu Christian Lassen alikuwa amelisoma jina la mfalme Mgiriki Agathocles kwenye sarafu zenye Kigiriki upande mmoja na Brahmi upande wa pili. Tafuta picha safi ya maandishi ya Sanchi na uanze mwishoni: itafute herufi ya na yenye nukta, na herufi iliyo kushoto kwake, yenye kistari cha a ndefu, ni da. Mara nyingi kabla ya neno hilo utaikuta sa, inayomaanisha kwamba zawadi ni ya mtu aliyetajwa.

Ukishazipata da na naṃ, nenda kwenye amri za Ashoka ukalitafute jina lake la heshima Devānaṃpiya, yaani mpendwa wa miungu, ambalo limejaa silabi unazozijua tayari. Lugha ya amri hizo ni Kiprakriti, lugha ya kawaida ya watu wa India ya kale. Usichanganye lugha na hati, kwa kuwa Kisanskriti chenyewe kimeandikwa kwa hati nyingi, na Devanagari leo hutumika kwa Kihindi, Kimarathi na Kinepali.

Baada ya hapo ifuate ka kushuka karne hadi karne. Katika hati ya zama za nasaba ya Gupta, karne ya 4 hadi ya 6, mti wa msalaba umerefuka na mikono yake imeanza kuinama. Baadaye upande wa kushoto ukajifunga kuwa kitanzi, na vialama vya kichwani vikaungana kuwa ule mstari wa juu wa Devanagari, ambao Kigujarati kiliuacha. Odisha, jimbo la mashariki mwa India, na kusini waliandika kwa kalamu ya chuma juu ya majani ya mitende, na kwa kuwa mstari ulionyooka uliweza kulipasua jani, herufi zilizidi kuwa za mviringo. Kitamil kilipunguza idadi ya herufi, hata k na g huandikwa kwa herufi moja. Kutoka kusini huko, hati ya nasaba ya Pallava ilivuka bahari na kuzaa hati za Kikhmer na Kijava.

Ol Chiki, hati ya Wasantali wa mashariki mwa India, usiilazimishe kuingia katika ukoo huu, kwa sababu Raghunath Murmu aliibuni upya mwaka 1925, na irabu zake husimama peke yake kama herufi kamili.

Brahmi imo katika Unicode, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi za hati zote, tangu mwaka 2010. Weka fonti yake kwenye kompyuta, andika dānaṃ, na uilinganishe na picha yako ya Sanchi.