Singo maza mwenye kichanga, jinsi ya kutafuta mwenza bila kujiumiza

Wadada, kuzaa hakujakufungia mlango wa kupendwa, anayekwambia utulie ulee tu mpuuze. Ila anza kwa kumalizana na baba mtoto. Kama bado anakuja usiku "kumsalimia mtoto" na moyo wako unaenda mbio, subiri kwanza. Matunzo ni kitu kingine, ni haki ya mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, akikwepa nenda ustawi wa jamii, usitafute mwanaume mpya ili anunue pampasi maana utavumilia mengi.

Ukianza kuchati na mtu mtaje mtoto siku hiyo hiyo, picha yake usitume, sema tu nina mtoto wa miezi saba. Atakayekimbia akimbie mapema. Anayebaki muangalie kwenye vitu vidogo, mfano mmepanga kuonana saa kumi, saa tisa na nusu mtoto anapandisha homa unamwambia siji tena, akiuliza "vipi, mmempima malaria?" huyo endelea naye, akinuna siku mbili achana naye hata kama ana gari.

Kuonana iwe mchana, penye watu, karibu na kwako, nauli ya kurudi uwe nayo mwenyewe. Kamua maziwa uache kwenye friji, bibi yake ampe kwa kikombe kisafi.

Nyumbani asije haraka. Mtoto wa hivyo hawezi kusema akifanyiwa kitu, ndo maana nasisitiza, usimwachie mwanaume usiyemjua vizuri hata kama unatoka tu kununua mkaa hapo nje. Na asiitwe "baba" mpaka aje kujitambulisha kwenu.

La mwisho mimba, hapa tunadanganyana sana. Kunyonyesha kunakinga pale tu mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa yako peke yake usiku na mchana, na hujaona siku zako, kimoja kikikosekana unaweza kushika hata kabla hedhi haijarudi. Ukimpeleka mtoto kliniki ulizia hapo hapo uzazi wa mpango, zipo njia zinazomfaa anayenyonyesha. Na mkapime HIV wote wawili, maana ukiambukizwa ukiwa unanyonyesha ni rahisi sana kumpitishia mtoto, majibu mkapokee pamoja, na mpaka hapo ni kondomu bila mjadala.