Unataka pikapu ya dizeli? Linganisha torki na hospawa hivi, usiishie kwenye nambari kubwa

Jamaa yangu wa Chake Chake, huku kwetu Pemba, kaja kwangu wiki iliopita, anataka pikapu ya kubebea saruji kutoka bandarini Mkoani na msimu wa karafuu abebe karafuu, mkononi ana karatasi kaandika hospawa tu, hii 150, hii 181, hii 204, na keshaamua yenye nambari kubwa ndo gari. Nkamwambia kaa kitako tuhesabu kwanza. Tulichokihesabu ndo hichi nakiandika, maana pesa ya pikapu ni pesa ya miaka na watu wengi wanakosea pale pale.

Mfikirie mchukuzi wa bandarini. Uzito anaoweza kuunyanyua kwa mara moja hiyo ndo torki, yani nguvu ya injini ya kuzungusha, na magunia mangapi kayatoa melini kwa saa moja hiyo ndo hospawa. Kwaiyo hospawa ina kasi ndani yake, injini yenye torki ndogo inaweza ikatoa hospawa kubwa ilimradi izunguke mbio sana, na wewe hutaki kupanda mlima na saruji huku injini inalia kama mashine ya kusaga.

Kabla ya yote weka nambari zote kwenye kipimo kimoja. Magari ya Japani karatasi zake utakuta torki kwa kilogramu-mita (kgm), zidisha kwa 9.81 upate nyutoni-mita (Nm), mfano Hilux ya zamani ya 3.0 D-4D imeandikwa 35 na hiyo ni kama 343. Ikiandikwa kilowati zidisha kwa 1.36 upate hospawa. Watu wanalinganisha 35 ya huku na 400 ya kule wanaona gari moja bovu, kumbe vipimo tafauti.

Halafu, na hapa ndo penyewe, usisome nambari peke yake, soma na raundi zake. Kila karatasi ya injini inaandika torki hii inapatikana kwenye raundi ngapi kwa dakika. Chukua Hilux ya 2.4 yenye hospawa 150, torki yake 400 inapatikana raundi 1,600 mpaka 2,000. Mitsubishi L200 ya 2.4 ina hospawa 181 na torki 430, ukitizama haraka imeshinda kote kote, lakini hiyo 430 inafika kwenye raundi 2,500. Ukiwa barabara kuu unataka kupita gari za mbele L200 itakupa raha zaidi, hilo sibishi hata kidogo. Ila ukiwa umejaza nyuma unatoka kwenye kona mlima uko mbele yako na injini iko 1,700, mwenye Hilux keshaipata torki yake yote, mwenye L200 bado anaitafuta. Isuzu D-Max ya 3.0 mpya ni hospawa 190 na torki 450 kutoka 1,600 mpaka 2,600, hiyo kwa kazi ya mzigo mie naipenda sana kwa sababu uwanja wake wa raundi mpana, hukai unabadilisha gia kila dakika. Ford Ranger ile ya 3.2 ya silinda tano nayo ni 470 kutoka 1,500 mpaka 2,750, uwanja mpana vile vile.

Sasa hesabu. Torki zidisha kwa raundi, gawa kwa 9550, unapata kilowati. Hilux ya 2.4 kwenye 1,600 ni 400 × 1,600 ÷ 9550, kilowati 67, yani hospawa kama 91. D-Max pale pale inatoa kama 102. Umeona? Ile 150 na 190 ya kwenye karatasi ni ya huko juu raundi 3,400 na 3,600, na nani anapanda mlima wa Mkoani na raundi 3,600?

Tukataka kujua mlima wenyewe unadai kiasi gani. Gari tani mbili, mifuko 20 ya saruji tani moja, jumla tani tatu. Mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, spidi 40, ni kilowati kama 33, hospawa 45 hivi, ongeza kidogo ya matairi na upepo. Jamaa yangu alinyamaza kabisa hapo, maana gari zote za kwenye karatasi yake zinaiweza kazi hiyo. Tafauti ni ipi itaifanya bila ya kushushwa gia mara mbili.

Angalia na gia boksi jamani. Hilux ya 2.8 yenye hospawa 204, ya otomatiki torki yake 500, ya gia za mkono ni 420. Injini moja, jina moja. Ukiulizia bei ulizia na hilo. Na ukifunga matairi makubwa kuliko ya kiwanda, ukiongeza asilimia 10 ya ukubwa umepoteza karibu asilimia 10 ya nguvu inayosukuma barabarani, hata injini iwe nzima vipi.

Kitu kingine kinachotuhusu watu wa visiwani: ukisoma majaribio ya watu wa Nairobi kumbuka wao wako juu, mita 1,600 na zaidi, hewa nyepesi, injini isiokuwa na turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, kule inapungua nguvu nyingi. Huku kwetu bahari iko mlangoni, hewa imejaa. Ndo maana Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya 4.2 isiokuwa na turbo, hospawa 130 hivi na torki 285, huku inavuta vizuri kuliko inavyosemwa.

Mwisho nenda ukaijaribu na mzigo, gari tupu haikwambii kitu. Omba muuzaji akuruhusu upakie hata mifuko 10, panda ule mlima wa kutoka bandarini kuingia mjini Mkoani, gia ya tatu, raundi 1,600, kanyaga mafuta taratibu. Ikivuta bila ya kutetemeka na bila ya kutoa moshi mweusi, nambari zake za kwenye karatasi bado zimo ndani ya injini. Ikitetemeka na sindano ya raundi haipandi, mwite fundi aangalie turbo na mipira yake ya hewa kabla hujatoa hata shilingi.