Kazi ya kituo cha wanyama: uanze vipi ili ikujenge

Anayekwenda kwenye kituo cha wanyama walioachwa akitegemea kushinda akicheza na watoto wa paka hamalizi mwezi. Kazi yenyewe ni ndoo, brashi na daftari. Ila ikifanywa kwa utaratibu, kazi hiyohiyo humpa mtu jicho la kuwahi kuona tatizo na mkono usio na papara, na mambo hayo mawili hayaishii kituoni.

Kabla ya kuanza, hakikisha una chanjo ya pepopunda na muulize daktari kuhusu chanjo ya kukinga kichaa cha mbwa. Chagua zamu utakayoimudu mwaka mzima. Zamu ya muda wa saa tatu kila Jumamosi ni bora kuliko wiki moja ya kujiua kwa kazi, kwa sababu mnyama mwoga humzoea anayerudi.

Usafi una foleni yake: wadogo wenye afya kwanza, kisha wakubwa wenye afya, halafu wageni walio karantini, wagonjwa mwisho. Ukiipindua, viatu vyako ndivyo vinavyosambaza ugonjwa. Virusi vya pavo vya mbwa, vinavyoharisha na kuua watoto wa mbwa, hudumu miezi kwenye sakafu na sabuni peke yake haiviui. Mtoe mnyama, zoa kinyesi, sugua kwa sabuni, suuza. Ndipo upake klorini ya maji ya asilimia 5 hivi, mililita 30 kwa lita moja ya maji, iache dakika 10, suuza tena, kausha. Wengi huharibu kwa kumwaga klorini juu ya uchafu: uchafu huila nguvu yake, na ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Changanya mpya kila siku.

Kwa mbwa, usidanganywe na mkia. Mkia unaotikisika juu ya mwili uliokakamaa ni onyo, sawa na kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi au kuonyesha weupe wa jicho. Simama ubavu, usimwinamie, mwache aje kunusa mwenyewe. Akiganda juu ya bakuli lake, rudi nyuma taratibu. Uking'atwa, hata ukikwaruzwa tu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Paka mgeni mpe boksi la kujificha, na pima anachokula. Asipogusa chakula siku nzima mwambie daktari wa wanyama. Siku chache za njaa zinatosha kumjaza paka mafuta kwenye ini. Kwa hiyo "hajambo" si taarifa. Andika: amekula nusu, choo laini, hakutapika.

Kichanga cha paka kilichopoa mwili kipashe joto kwanza, maana tumbo la baridi halisagi. Kipe maziwa maalumu ya paka (ya ng'ombe humharisha), kikiwa kifudifudi, kamwe si chali, yasije yakaingia mapafuni. Wiki ya kwanza ni kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia. Kipime kila siku kwa mizani ya jikoni: gramu 10 hadi 15 zikiongezeka, mambo yanakwenda. Uzito ukisimama, usingoje kesho.

Weka mapema idadi ya wanyama utakaowachukua nyumbani, hata kama ni sifuri, na usiipange ukiwa umembeba mmoja mkononi. Wengine watakufa, wengine daktari atawachoma sindano ya kuwaua bila maumivu. Ukianza kukosa usingizi, omba kuhamishiwa kwenye kufua matandiko kwa muda. Huko si kushindwa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mapokezi. Anayeleta mnyama wake usimsute. Ukimsuta, ataondoka kabla hajakuambia umri, chanjo na kama huuma, na mnyama wa pili atamtupa barabarani. Mpe kiti, uliza kwa upole, andika.