Kufuatilia redevance ya migodi katika commune yako, Lubumbashi

Tangu Code Minier (sheria ya madini) ya 2018, sehemu ya redevance, yaani mrabaha ambao kampuni inalipa kwa madini inayouza, inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya commune, secteur au chefferie (serikali ya mtaa) ambamo mgodi unachimba. Haipitii Kinshasa. Kwa hiyo wa kwanza kuulizwa si waziri, ni bourgmestre, mkuu wa commune.

Piga hesabu kwanza. Redevance ya shaba ni 3.5% ya thamani ya mauzo, ya kobalti 10%. Ikilipwa, 50% ni ya serikali kuu, 25% ya jimbo, 15% ya commune, 10% ya mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba ya dola milioni 10 inazaa redevance ya 350,000. Commune inapata 52,500. Kobalti ya thamani hiyohiyo inaipa commune 150,000. Ndiyo maana usikubali kuambiwa “madini” tu: uliza madini gani.

Malipo ya kila kampuni yamo katika ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi katika mapato ya madini. Zinachelewa, basi chukua bajeti ya commune ya mwaka uleule wa ripoti. Hapa wengi wanateleza: note de débit (hati ya kudai malipo) ya Desemba inaweza kulipwa Januari, na tofauti hiyo si wizi. Wengine wanachanganya redevance na ile 0.3% ya mapato ya kampuni kwa maendeleo ya jamii, ambayo ina kamati yake.

Halafu andika barua. Omba vitu vitatu tu: notes de débit za mwaka huo, relevé ya benki (taarifa ya akaunti), na orodha ya kazi zilizolipwa, pamoja na mahali na bei. Taja article 27 ya Katiba: ombi la raia linapaswa kujibiwa ndani ya miezi 3. Peleka nakala mbili, na yako irudi na muhuri na tarehe. Bila accusé de réception, yaani uthibitisho huo wa kupokea, watasema hawajaona kitu. Usiandike “ameiba”, unaweza kushtakiwa kwa imputation dommageable (kumchafulia mtu jina). Andika “tofauti ya dola kadhaa, tunaomba maelezo”.

Orodha ikipatikana, tembea. Ikisema mfereji wa mita 400, pima kwa futi kamba ya mita 50, mara nane, piga picha kila unapohamisha.

Miezi 3 ikipita kimya, peleka nakala za faili kwa gavana, IGF (wakaguzi wa fedha za serikali) au APLC (wakala wa kupambana na rushwa). Zile zenye muhuri baki nazo.